Mwenyekiti wa Uwanja wa Stesheni

Alikuwa akitembea kwa kona. Kutoka nyumbani kwake hadi msikitini njia fupi ilipita katikati ya minazi, na kila mtu aliitumia, watoto, mbuzi, hata mikokoteni. Yeye hakuitumia. Alitoka mlangoni akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kichuguu, akasimama, akageuka kulia kama askari wa gwaride, akatembea tena, kisha akageuka kushoto mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa majani na ng'ombe aliyefungwa kamba.

"Hapa ni Mtaa wa Soko," aliniambia siku nilipomuuliza. "Utakataje katikati ya duka la watu?"

Duka lenyewe lilikuwa kwenye mchoro, na mchoro ulikuwa umebandikwa ukutani sebuleni kwake, kando ya picha ya Kaaba. Ulikuwa mkubwa kuliko picha hiyo, jambo ambalo dada yake hakulipenda.

Sisi tulimwita Mwenyekiti. Ilikuwa imetangazwa kwamba reli ya treni ya mwendo kasi, ya kutoka Mombasa kwenda mpakani, itakuwa na stesheni upande wetu wa Waa, na kwamba kuizunguka stesheni hiyo utapangwa mji: soko, maduka, nyumba za ghorofa, stendi ya magari, na katikati ya vyote uwanja mpana ambapo abiria watatokea. Ikaundwa kamati ya wakazi ya kushauri, naye akachaguliwa kuiongoza. Alikuwa amestaafu kazi ya karani wa ghala katika hoteli moja ya Diani. Alikuwa na koti, na sauti yake ilifika nyuma ya watu. Nadhani hayo yalitosha.

Mimi nilikodi chumba cha uani kwake. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo nimefanya kazi nyingi bila kukaa na yoyote. Nimebeba barafu ya samaki Shimoni, nimefua mashuka hotelini, nimekaa Mkwiro msimu mzima nikipaka boti rangi. Nilipofika Waa nilipata kazi kwa mtu anayekodisha mahema na viti vya plastiki, na kwa kuwa kamati ilikuwa na mikutano mingi kuliko harusi za mtaa mzima, nikajikuta nahudhuria yote. Mtu anayepanga viti husikia mengi. Hakuna anayemuuliza anaonaje. Mimi sikuwa na maoni hata hivyo, nilitaka tu kujua.

Huwezi kumweleza Mwenyekiti bila dada yake. Alikuwa mkubwa wake, mjane, akiishi upande wa pili wa minazi. Mama yao alipogawa alichokuwa nacho, nyumba alimpa mwana wa kiume na minazi akampa binti. Minazi hiyo haikuwa kwenye kiwanja cha nyumba. Ilikuwa kwenye shamba la jirani.

Kwetu hilo si jambo la ajabu. Ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja, na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine, kwa sababu babu fulani alipewa ruhusa ya kupanda, au mti ulitolewa zawadi ya harusi, au mtu amerithi tu. Mwenye shamba anajua, mwenye mnazi anajua, mkwezi anajua. Nazi zikiangushwa, mwenye mnazi huacha chache mlangoni kwa mwenye shamba bila hata kubisha hodi. Hakuna kinachosemwa. Kuutaja mnazi wako mbele ya watu, na mwenye shamba ameketi pale pale, ni kumwambia kwamba humwamini tena. Watu hufanya hivyo wakiwa wamekwisha kugombana na wako njiani kwenda kwa wazee.

Dada yake aliishi kwa minazi hiyo. Nazi aliuza, mafuta alipika, na makuti alisuka yakaenda kuezekea mahoteli. Hakuwa na kitu kingine.

Neno la Mwenyekiti lilikuwa "awamu ya pili". Alilichukua kwenye semina moja Ukunda na hakulirudisha. Bomba la msikiti likiziba, awamu ya pili. Nilipomwambia paa la chumba changu linavuja juu ya kitanda, aliangalia paa, akaangalia kitanda, akasema, "Sogeza kitanda. Paa ni awamu ya pili."

Siku moja dada yake alimletea mahamri na birika la chai, akamkuta kwenye simu. Aliongea mpaka mahamri yakapoa. Alipomaliza akanyosha mkono kutaka chai.

"Chai ni awamu ya pili," dada yake alisema, akaondoka na birika lake.

Mwenyekiti hakuwa akilitumia neno hilo kwa kukwepa, ingawa watu walidhani hivyo. Aliamini kwamba awamu hiyo ipo mahali, imeandaliwa, kama mtu anavyoamini kwamba baada ya Jumanne kuna Jumatano. Nilikuwa namwonea wivu kidogo. Mimi sijawahi kuamini kitu cha wiki ijayo.

Mpango wenyewe ulichorwa na kijana wa kike kutoka bara aliyesomea kupanga miji. Tulimwita Mtaalamu. Alikuwa na subira, alikunywa chai ya kila nyumba aliyoingia, na alijua kazi yake. Mwenyekiti alimpenda kama binti yake na alibishana naye kila wiki. Mara nyingi Mwenyekiti ndiye aliyekosea. Alitaka wauza samaki wawekwe karibu kabisa na mlango wa abiria.

"Mzee, mtu ameshuka na suti yake, halafu cha kwanza anakutana na papa mkavu?" Mtaalamu alimwuliza.

"Ndipo atakapojua amefika."

"Atajua amefika, halafu atapanda treni inayofuata arudi."

Kamati ikacheka, ikapiga kura, samaki wakapelekwa upande wa pili wa soko. Hakununa. Alirudi nyumbani, akakaa mbele ya mchoro, akawahamisha samaki kwa kidole chake, taratibu, kama anayewasindikiza. Kesho yake alipokwenda msikitini alizunguka zaidi, maana sasa kulikuwa na soko la samaki njiani.

Mwanzoni mwa barabara ya vumbi lilisimamishwa bango lenye picha ya stesheni itakavyokuwa. Vioo, miti iliyokatwa duara, watu wenye mikoba. Mwenyekiti alisimama mbele yake asubuhi nzima, na alichokiona ni kwamba hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyevaa buibui wala leso.

"Hawa ni abiria wa wapi?" aliuliza.

Alilalamika mpaka bango likabadilishwa. Mwanamke wa leso akatiwa, lakini alikuwa ametolewa kwenye picha nyingine, na kichwani alikuwa amejitwika ndoo ya maji. Alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, anakaribia paa la stesheni. Dada yake alikuja kumwangalia, akazunguka huku na huku.

"Anapeleka maji wapi huyu? Treni yenu ina kiu?"

"La muhimu ni kwamba yumo," Mwenyekiti alijibu. "Ndoo tutamtua awamu ya pili."

Mtu huyu aliyepigania treni ya kasi ndiye mtu wa polepole kuliko wote niliowahi kuishi nao. Chungwa alilimenya kwa ganda moja lisilokatika, na likikatika alisikitika kwelikweli. Samaki alimla mpaka mifupa ikabaki imepangika kwenye sahani kama imechorwa. Ukimwuliza kitu barabarani husimama kwanza, hajui kujibu huku anatembea. Kamati ilipopelekwa Nairobi kwa treni ili ijionee stesheni inavyokuwa, alivaa koti na kofia mpya, akatapika kabla ya Voi na baada ya Voi. Aliporudi alisema ni sambusa za Mombasa. Wenzake walisema hakula sambusa, alikataa hata maji. Niliuliza aliona nini huko.

"Wakati wa kwenda nilikuwa nimefumba macho," alisema. "Lakini stesheni ina vyoo vizuri."

Hakuwahi kupanda treni tena, na hakuwahi kuona kwamba kuna lolote la kushangaza katika hilo. Treni ilikuwa ya watu. Yeye alitaka kujua watu watangojaje. Hilo ndilo lililomshughulisha kuliko vioo na ghorofa. Alikuwa akinibishia mlango baada ya alfajiri, mimi bado nimelala, akaniuliza kupitia ufa wa mbao.

"We. Kule Mkwiro, watu wakingojea mashua, hukaa wakitazama bahari au wakitazama kijiji?"

Ilibidi nifikiri. "Kijiji," nilisema. "Mashua wataisikia ikija. Wanatazama nani anakuja kusafiri nao."

"Ahaa."

Akaenda. Kwenye mkutano uliofuata alisimama akasema mabenchi ya uwanjani yaelekee uwanjani, yasielekee reli, kwa kuwa mtu hatazami kinachombeba, anatazama nani yupo. Mtaalamu akamwambia vizuri sana Mzee, na tayari wamechora hivyo hivyo. Nilimwona akikaa. Alifurahi, na pia alinyong'onyea kidogo, kama mtu aliyeleta mboga akakuta imekwisha kupikwa.

Niliuliza mambo mengi siku hizo. Kwa nini stendi ya bodaboda isiwe karibu na mlango, maji ya mvua yatakwenda wapi, nani atafagia uwanja wote ule. Kila mara alinijibu kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima, hata pale nilipouliza upuuzi. Walionifundisha shule hawakufanya hivyo.

Kuna milango miwili katika nyumba ya dada yake, kama nyumba nyingi za kule, wa mbele na wa uani. Kabla ya kamati, Mwenyekiti alikuwa mtu wa uani. Aliingia bila haraka, akakaa juu ya mbuzi, kile kibao cha kukunia nazi, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, magoti yamefika mashavuni, akazungumza huku dada yake akisuka makuti. Mara nyingine alimkunia nazi mbili tatu bila kuambiwa. Dada yake alimwita kwa jina la utotoni. Sitaliandika hapa. Alikuwa mtu pekee aliyebaki wa kumwita hivyo.

Baada ya kuwa Mwenyekiti akaanza kupita mbele. Alikuwa na mkoba wa karatasi na koti, labda aliona si vizuri kupita kwenye makuti na kuku. Alibisha hodi kwa sauti ya mkutanoni, akaketi kwenye kiti cha sebuleni. Dada yake akamletea chai kwa kikombe chenye kisahani. Mwenyekiti aliniambia jioni hiyo kwamba siku hizi dada yake anamheshimu sana.

Ilikuwa heshima, kweli. Ilikuwa ile anayopewa mgeni.

Nakumbuka mazungumzo ya siku moja kabla ya mkutano mkubwa wa ardhi. Nilikuwa sebuleni, nimekuja kuuliza viti vingapi. Mwenyekiti alikuwa akimweleza Mtaalamu.

"Hapa kwetu minazi ina wenyewe," alimwambia. "Na si lazima wawe ndio wenye shamba."

Mtaalamu aliweka kalamu chini. "Afadhali umeniambia, Mzee. Basi kesho tunauliza. Wazi kabisa, mbele ya kila mtu."

"Mbele ya kila mtu?"

"Ndiyo, ili kesho kutwa mtu asiseme alifichwa. Mambo haya ya kuulizana pembeni pembeni ndiyo yanaleta ufisadi. Si ndio?"

Mwenyekiti alitazama mchoro. Anajua, nilifikiri. Yeye ni mtu wa hapa. Anajua jambo kama hilo linavyoulizwa: unakwenda kwa mtu, unapita uani, unakaa, unauliza habari za mvua na za mguu unaouma, na mwisho kabisa mwenyewe anakutajia, kwa sauti ya chini, kama aliyekumbuka tu. Kisha unakwenda nyumba inayofuata. Ingemchukua wiki nyingi, na yeye hakuwa mtu wa kuogopa wiki.

"Wazi," akasema mwishowe, kama anayeonja neno. "Ndiyo. Wazi ni bora."

Nadhani alilipenda neno hilo. Nadhani pia alimpenda Mtaalamu na hakutaka awaone watu wake kama watu wa kujificha. Nimelifikiria sana na sijapata zaidi ya hapo.

Mkutano ulikuwa asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Nilipanga viti vya wanaume upande mmoja na vya wanawake upande mwingine. Wenye mashamba walikaa mbele kwa sababu habari ilikuwa yao. Jirani mwenye shamba lenye minazi ile alikaa safu ya kwanza, na mkewe akakaa upande wa wanawake, bega kwa bega na dada yake Mwenyekiti. Wale wawili walichota kisima kimoja tangu wameolewa.

Mwenyekiti alishika kipaza sauti. Alikipenda sana, alikipuliza kwanza kila mara hata kikiwa kinafanya kazi. Akaeleza kuhusu uwanja wa stesheni, mahali utakapokuwa, kwamba kila mwenye chake atafidiwa. Watu wakapiga makofi. Kisha akasema, "Sasa nauliza, na nauliza wazi. Kuna mtu yeyote hapa mwenye mnazi katika shamba la mwenzake? Anyoshe mkono."

Hakuna aliyesogea. Hata watoto walionyamazishwa mapema walinyamaza upya.

"Mwenyekiti," kijana mmoja akaita kutoka nyuma, "wa kwangu ulianguka mwaka jana. Huo nao unahesabiwa?"

Watu wakacheka, kicheko cha kushukuru kupita kiasi. Mwenyekiti alitazama upande wa wanawake. Dada yake alikuwa akimtazama. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa, alimtazama tu. Pembeni yake mke wa jirani alikuwa ameinamisha kichwa akikunja na kukunjua pindo la leso.

"Nauliza mara ya pili," Mwenyekiti alisema. "Mwenye mnazi kwa mwenzake."

Dada yake alishusha macho, akaokota jani lililoangukia mapajani mwake, akaliweka chini.

"Basi hakuna," Mwenyekiti alisema.

"Tumekubaliana?" Mtaalamu aliuliza, anatazama watu, kwa nia njema kabisa.

"Tumekubaliana," mkutano ukajibu.

Nilikusanya viti. Nilivipakia kwenye gari, kimoja juu ya kingine.

Yaliyofuata yalifuata. Wenye mashamba walilipwa pamoja na kila kilichosimama juu ya ardhi yao. Wengine walikwenda kwa wenye minazi kimyakimya, kupitia uani, wakawapa chao. Jirani huyu hakwenda. Alihamia Likoni na familia yake. Sidhani alijiona mwizi. Swali liliulizwa mbele yake, mara mbili, na hakuna aliyesema kitu. Minazi ikaangushwa kwa mashine, na dada yake Mwenyekiti akaja na wanawake wengine kuomba makuti ya miti iliyolala. Vibarua walimruhusu. Alichagua mazuri, akafunga mzigo, akajitwika. Niliona, nilikuwa nimeketi juu ya gogo nakula mkate.

Mwenyekiti alikwenda ofisi ya fidia kueleza habari ya minazi ya dada yake. Alivaa koti. Huko aliambiwa kwamba swali liliulizwa hadharani na mkutano ukakubali, na kwamba aliyeuliza ni yeye. Mtaalamu alikuwa amekwisha kuhamishiwa mji mwingine. Mwenyekiti alirudi, akatundika koti, akakaa mpaka adhuhuri. Kisha akaenda kwa dada yake. Alipita mlango wa mbele. Nilikuwa nimemletea dada yake unga kutoka dukani, nikamsikia akisema kwamba jambo limeshafikishwa ofisini, na kwamba litarekebishwa.

"Lini?" dada yake aliuliza.

Mwenyekiti hakulitamka neno lile, na mimi nililisikia hivyo hivyo. Chai ikaja, na kisahani.

Tangu hapo dada yake hakumgombeza, hakumsema kwa watu, hakukosa kumpelekea sahani siku ya Idi. Ila alimwita Mwenyekiti kama sisi wote. Ndilo jambo lililobadilika. Watu wa kando wasingeliona. Lakini nilikuwa naishi uani kwake, na niliona alivyoanza kukaa mlangoni jioni, akisikiliza kila anayepita.

Baada ya hapo nilirudi Shimoni, kisha sehemu nyingine. Sikuwa na sababu. Mimi huondoka.

Nilipita Waa tena mwaka huu. Stesheni haijajengwa. Wengine wanasema reli itakuja, wengine wanasema imechorwa upya na itapita mbali zaidi na bahari. Uwanja upo, umesawazishwa, mpana na mwekundu, na vijana wanachezea mpira upande mmoja. Bango bado limesimama. Vioo na watu wenye mikoba wamepauka wote, lakini ndoo ya buluu inaonekana vizuri, iko hewani peke yake.

Nilimkuta nyumbani, bila koti, amepungua.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Paa limetengenezwa," aliniambia, kabla ya kuniuliza nimetoka wapi.

Tulikunywa maji. Mchoro haukuwepo ukutani, ila alama yake ilikuwepo, pembe nne za rangi safi kando ya Kaaba. Akaniambia amekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba, kupitia uani, kwa wote waliokuwa na minazi kwa wenzao. Anakaa, anauliza habari za mvua. Kisha anauliza mnazi wao ulisimama wapi.

"Kuna fidia inayokuja?" niliuliza.

"Hakuna."

"Sasa unauliza ya nini?"

"Nijue," alisema. "Wananiambia. Sasa hivi wote wananiambia, hata sijamaliza kukaa." Akachukua chungwa, akamenya kidogo. "Amebaki dada. Twende wote. Nikiwa peke yangu hufika pale kwenye ukuta wa uani kwake nikarudi."

Tulikata uwanjani. Nilitegemea kona, Mtaa wa Soko, na yale mengine. Badala yake alienda akipinda pinda, anakwepa hiki, anazunguka kile, juu ya ardhi tupu. Vijana wa mpira walisimama kumpisha bila kushangaa, wamezoea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akizunguka minazi.

"Huu ulikuwa wa yule mama wa maandazi," alisema, akikizunguka kitu ambacho hakikuwepo. "Huu wa marehemu fundi baiskeli. Huu sijui, hakuna aliyeutaja." Nao pia aliuzunguka. Nami nikawa nazunguka nyuma yake. Ingekuwa vigumu kupita katikati.

Kwa dada yake alifika mlango wa mbele, akainua mkono kubisha. Mkono ukabaki juu. Kisha akaushusha, akazunguka nyumba, akapita kwenye kuku.

"Hodi."

"Karibuni."

Alikuwa amekaa kwenye jamvi, anasuka makuti. Majani yalikuwa ya kununuliwa, bado yamefungwa kamba za mkokoteni. Alinitazama mimi kwanza.

"Mtu wa Shimoni. Umekonda. Huko hamli samaki, mnawauza tu?"

"Tunawauza tu, mama."

Mwenyekiti alikuwa amesimama. Dada yake aliisukuma mbuzi kwa mguu, kidogo tu, bila kumtazama. Akasogeza na bakuli, na nusu ya nazi juu yake. Mwenyekiti akakaa. Magoti yakafika mashavuni. Akaanza kukuna.

Aliuliza habari za mvua. Dada yake akasema ilinyesha juzi. Aliuliza habari za mguu. Dada yake akasema unauma asubuhi. Mbuzi ikaendelea kukwaruza. Alifanya kila kitu inavyotakiwa, na hakuruka lolote. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kama anayekumbuka tu:

"Dada. Ile minazi ya mama, ilikuwa ipi? Nakumbuka ule wa kisimani, na ule ulioinama. Mingine imenipotea."

Dada yake alimaliza safu aliyokuwa akiisuka. Alikaza uzi, akaukata kwa meno.

"Sikuwa na mnazi, Mwenyekiti," alisema. Hakukuwa na hasira ndani yake. Alisema kama unavyomwambia mtu kwamba duka limefungwa. "Uliuliza mbele ya watu, ukajibiwa."

"Haya," Mwenyekiti alisema.

Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, kisha akakuna na nusu iliyobaki. Akagonga bakuli ili nazi iliyokunwa ishuke, akalisogeza kwa dada yake. Dada yake akasema ahsante, akainuka kwa mguu wake unaouma, akaleta chai. Yangu ilikuja kwenye kikombe cha bati. Ya Mwenyekiti ilikuja na kisahani.

Aliinywa yote.

Tulirudi kupitia uwanjani. Nilitembea nyuma yake, najiandaa kupinda atakapopinda. Hakupinda. Alipita katikati, moja kwa moja, kama mtu yeyote, mpaka mlangoni kwake.